Nyavu zinagawiwa benki

Wadogo zangu, jana nimepitia matini mlizotafsiri kutoka Kiingereza mkaniachia mezani. Moja ina "dakika za kikao cha bodi", eti ndiyo "minutes". Nyingine, ya mradi wa uvuvi, inasema "shule kubwa ya dagaa" imeonekana karibu na Ujiji. Nimecheka mpaka nikakohoa, kisha nikakasirika. Tafsiri sisisi tena, neno kwa neno!

1. Kamusi ifungulieni neno mnalolijua. Gumu litawapeleka lenyewe. "School" ya samaki ilitoka kwa Waholanzi, maana yake kundi. Ile ya wanafunzi asili yake Kigiriki, neno lililomaanisha wasaa wa mapumziko (watoto wa sekondari wasisikie), na ndugu yake wa Kijerumani ndiye aliyetuachia "shule". Hizo mbili hazina undugu, zimefanana sura tu.

2. Tazameni neno limeongozana na nani. "Interest" ikiwa na mkopo ni riba. Basi.

3. Mkitia shaka, mpigieni mteja. Hapa nina kidonda.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa tangazo la mistari minne la wavuvi wa Ilagala: walioandikishwa wafike "at the bank" Jumamosi, saa mbili asubuhi, wachukue nyavu. Nilikuwa nawahi mechi. Nikaandika "benki", nikakabidhi, nikaenda zangu uwanjani. Kumbe ni ukingo wa mto Malagarasi, pale mitumbwi inapoegeshwa. Jumamosi bwana wa mradi kasimama mtoni na marobota ya nyavu, yeye na mbwa mmoja. Wavuvi wenyewe wamelipa nauli mpaka Kigoma mjini, wamejaa mlangoni mwa benki na viroba vitupu, mlinzi anawauliza nyavu zipi. Mzee mmoja akanipigia simu, hana hata hasira: "Mwanangu, huku wanasema hawana ziwa."

Nauli zote nilirudisha mimi. Mshahara wa mwezi ule niliuona kwa macho tu. Na Ilagala mpaka leo wananiita Meneja.

Ndipo nikachimba. "Bank" ya pesa ilipitia Italia, ambako wabadili fedha walikaa na mabenchi yao; ya mto ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia. Ukirudi nyuma zaidi, zote mbili ni wajukuu wa babu mmoja, pamoja na "bench" yenyewe. Undugu huo ningeujua siku ile usingenisaidia kitu. Simu moja ingetosha.

4. "Board" ilikuwa ubao, ikawa meza, kisha ikawa watu wanaoizunguka. Kwa hiyo aliyeandika "ubao wa wakurugenzi" mwezi jana hakukosea ukoo, alikosea karne.

Zile dakika zigeuzeni kumbukumbu kabla ya saa sita, mteja anazingoja. Dagaa nimeshawatoa shuleni mwenyewe. Aliyewaandikisha anajijua, kesho chapati za chai ya saa nne ni juu yake.