Chupa za maji hazimo katika marufuku ya mifuko

Ukijiuliza kama chupa za plastiki zimepigwa marufuku Kenya pamoja na mifuko, jibu ni hapana: marufuku iliyoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017 inahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wala haikugusa chupa za maji na soda, ndiyo maana bado zinauzwa kihalali madukani kote Nairobi. Isipokuwa ukielekea Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi: tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa, vikombe na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga za kitaifa, kwa hiyo beba maji katika chupa ya kudumu. Chupa tupu za nyumbani, zenye namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni (alama ya aina ya plastiki), tafadhali usizichanganye na mabaki ya chakula, kwa kuwa wakusanyaji huziuza kwa kilo zikiwa safi.