Maswali ya Wasomaji: Maktaba, Vijana na Simu Zao

Swali: Salaam wahariri. Nafanya kazi kwenye maktaba ya mkoa. Ukurasa wetu wa Facebook una mwaka wa tatu sasa. Tunaposti saa za kufungua, picha za wageni rasmi na vitabu vipya vikiingia. Wanaolaiki ni watu wazima, wengi wao wafanyakazi wenzetu. Kijana wa sekondari hatumwoni hata mmoja. Tuhamie TikTok?
*Mkutubi, Kanda ya Ziwa*

Jibu: Kuhama peke yake hakutawaleta. Mgeni rasmi akikata utepe anachosha TikTok kama anavyochosha Facebook. Kabla ya kufungua akaunti nyingine, weka daftari mezani kwa wiki moja. Kila kijana anayekuja kujisomea muulize mambo mawili: simu unayotumia ni ya nani, na unaishika saa ngapi? Wa bweni hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo msimu wao ni likizo za Juni na Desemba. Wa kutwa wengi huazima simu ya mama baada ya chakula cha usiku. Posti ya saa nne asubuhi inasomwa na mama.

Halafu fikiria kazi mnayofanya mezani kila siku: mtu anauliza, mnamwelekeza kwenye kitabu kimoja, kwenye rafu moja. Mtandaoni fanyeni hiyohiyo. Klipu moja, kitabu kimoja, sekunde 25. Kwa mfano:

Sekunde 0 hadi 4: mkono unafungua kitabu katikati, sauti inasema, “Ukurasa wa 41. Barua imefika leo, lakini aliyeiandika alizikwa wiki iliyopita.” Hakuna “karibuni sana kwenye maktaba yetu”, hakuna nembo inayozunguka, kijana atakuwa ameshapita. Sekunde 5 hadi 15: jalada, na sentensi mbili kuhusu nani yuko mashakani na kwa nini. Sekunde 16 hadi 21: kamera inatembea kwenye rafu mpaka kwenye kibandiko cha mgongoni, tuseme 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili. Sekunde 22 hadi 25: “Ziko nakala 3. Andika NIWEKEE.”

Shika simu wima, simama karibu na dirisha mwanga ukipiga kitabu, si lenzi. Maneno yaandikwe makubwa juu ya picha, kwa sababu anayetazama kwenye daladala amezima sauti. Ile ya kutuma WhatsApp iwe ya ubora wa 720. Ukipeleka 1080 unamlia mtoto wa watu bando bure.

Neno NIWEKEE ndilo lenye kazi. Akiliandika, kitabu kinatolewa rafuni, kinawekwa nyuma ya meza na kikaratasi chenye jina analotumia mtandaoni, kinamsubiri siku mbili. Hapa ndipo maktaba nyingi hujikwaa. Klipu inapostiwa Ijumaa jioni, maombi 15 yanaingia usiku, na anayeyasoma anarudi kazini Jumatatu. Au kitabu kina nakala moja, na wa pili mpaka wa kumi na tano wanaambiwa hakipo. Hao hawaulizi tena. Posti Jumatatu jioni, kitabu kiwe na nakala tatu au zaidi, na vingine viwili vya aina hiyo viwe tayari kwa watakaochelewa.

Mtego mwingine ni kuwaambia “tutumie ujumbe wa faragha”. TikTok haiwaruhusu walio chini ya miaka 16 kutumia ujumbe huo, kwa hiyo wa miaka 13 hadi 15, ambao ndio wa kidato cha kwanza na cha pili, watakwama bila wewe kujua. Waandike chini ya klipu, au waje wenyewe mezani na neno hilo.

Nani atengeneze? Wao. Tafuta vijana watano au sita wanaokuja mara kwa mara, wabadilishwe kila muhula. Wachague kitabu, waandike maneno, waseme. Mkutubi ahakiki jina la mwandishi, namba ya rafu na idadi ya nakala, basi. Mtu mzima akijaribu kuongea lugha yao ya kijiweni anachekwa, na si kicheko kile anachokitaka.

Swali: Hamjambo. Tulifungua grupu la WhatsApp la klabu ya kusoma, wanachama 60, wengi wasichana. Baada ya mwezi, wawili kati yao walianza kupokea jumbe za usiku kutoka namba wasizozijua. Tufanyeje?
*Mwalimu wa maktaba ya shule, Pwani ya Kenya*

Jibu: Lifungeni leo. Kwenye grupu kila mwanachama anaona namba za wote, na mwaliko ukishasambazwa, yeyote mwenye linki anaingia. Kabla ya kulifunga, piga picha ya skrini ya orodha ya wanachama, wape wazazi wa wasichana hao wawili na uongozi wa shule, na wasichana wasifute jumbe walizopokea.

Badala yake fungueni chaneli ya WhatsApp. Mfuasi haoni namba wala jina la mfuasi mwenzake, na hamhitaji kukusanya namba ya mtu. Hilo linawapunguzia mzigo wa sheria pia: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwenye chaneli wafuasi wanaweza kupiga kura. Wapeni vitabu vitatu wachague cha mwezi. Mjadala wenyewe ufanyike mezani maktabani, ambako ndiko mnakotaka wafike. Msitegemee stetasi: hudumu saa 24, na huonekana tu kama wewe na mwenzako mmehifadhiana namba. Ndiyo maana wengi huweka stetasi nzuri wakapata watazamaji wanne.

Picha: sare na kibandiko cha jina vinatosha kumwambia mtu asiyemjua mtoto anasoma wapi. Pigeni mikono, migongo na vitabu. Simu ya klabu ilale shuleni, na watu wazima wawili waisome, asiwepo mmoja anayechati na mwanafunzi peke yake.

Swali: Vijana wetu wanataka kusoma riwaya sura kwa sura TikTok, na wengine wanarushiana PDF za vitabu vya mtihani. Tuwaache?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Hapana kwa yote mawili. Sura kwa sura ni kukitoa kitabu upya bila ruhusa ya mwenye hakimiliki, na PDF iliyoskaniwa ni hivyohivyo; ikipita kwenye akaunti ya maktaba, maktaba ndiyo itakayoulizwa. Jalada na dondoo fupi la kuonjesha vinatosha. Angalia ushairi: shairi fupi likisomwa lote, umechukua kazi nzima, hata kama ni nusu ukurasa. Tungo za kale ni jambo jingine. Mshairi Muyaka wa Mombasa alitunga zaidi ya miaka 180 iliyopita, beti zake zighanini mpaka koo zikauke, ila dibaji na maelezo ya mhariri wa kitabu yaacheni.

Swali: Bosi anataka ripoti ya idadi ya wafuasi kila mwezi. Tuna 212. Anasema tunapoteza muda.
*Mkutubi msaidizi, Dodoma*

Jibu: Mpelekee namba nyingine. Vikaratasi vya NIWEKEE viwe vya rangi moja, visitupwe. Mwisho wa mwezi hesabu vitu vitatu: vikaratasi, vitabu vilivyoazimwa kweli kati ya hivyo, na kadi mpya za walio chini ya miaka 20. Vikaratasi 30 na vitabu 26 vina uzito kuliko wafuasi 3,000 wasiojua mlango uko wapi. Vikaratasi vikiwa 30 na vitabu 9, tatizo liko mezani kwenu: saa za kufungua, masharti ya kadi, au namna wanavyopokelewa.

Swali: Aliyekuwa na akaunti amehamishwa kituo. Hatuwezi kuingia.
*Jina limehifadhiwa*

Jibu: Mpigieni mapema, kabla hajabadilisha laini, awatumie namba ya uthibitisho itakayomfikia kwa SMS. Mkishaingia, hamisheni akaunti kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi na barua pepe ya ofisi. Laini hiyo itumike na kuongezwa salio, kwa sababu ikikaa kimya miezi mingi kampuni ya simu huifunga na namba hupewa mtu mwingine. WhatsApp iwekeeni PIN ya tarakimu 6 ya uthibitisho wa hatua mbili. Iandikeni kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, ikae kabatini pamoja na funguo za akiba.