Injini Haifanyiwi Mabadiliko, Hubadilishwa

Msomaji wa Tanga ameniamkia kwa heshima zote, kisha akanieleza kwamba kwa miaka miwili sasa amekuwa akilihangaikia gari aliloachiwa na marehemu baba yake, Peugeot 404 la mwaka 1967, ambalo lilikuwa limelala chini ya mwembe mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Bodi imeshashughulikiwa. Injini ya asili ilipogoma kabisa kufufuka, iling'olewa, na mahali pake ikawekwa ya Toyota Hiace. Sasa anataka kadi ya gari iandikwe nambari ya injini mpya, na gereji imempa barua ya kupeleka ofisini yenye sentensi hii: "Gari tajwa limefanyiwa zoezi la mabadiliko ya injini pamoja na ukarabati wa bodi." Swali lake ni hili: "Je, Mwalimu, ni sahihi kusema kubadili injini, kubadilisha injini, au kufanya mabadiliko ya injini? Na gari yangu niiite ya zamani, ya kale au ya kikale?"

Marahaba, mwanangu. Tuanze na yaliyo mepesi ili tupate nafasi ya kugombana vizuri baadaye.

Neno gari tulilipokea kutoka Kihindi, likakaa katika ngeli ya LI-YA, na kwa hiyo wewe una gari lako, nalo ni la zamani au la kale. Ndugu zetu wa Nairobi husema "gari yangu" bila kutetereka, na wewe wa Tanga, ambaye Horohoro si mbali nawe, huenda umeipata mpakani pamoja na bidhaa nyingine. Vita hivyo nilivipigana nikiwa na nywele nyeusi. Siku hizi nikisikia "gari yangu" nafumba macho kidogo, napita.

Kuhusu umri wake, gari la zamani ni lolote lililotengenezwa zamani, gari kuukuu ni lililochakaa, na mkweche ni kuukuu linaloendelea kutembea huku likiwatangazia majirani. Gari la kale ni lile ambalo miaka imeliongezea heshima. Kikale ni namna ya kufanya mambo, kwa hiyo mtu anaweza kujenga nyumba ya kikale mwaka huu, lakini hawezi kuunda gari la kale. Lako ni la kale, na heshima yake haikutokana na mwembe. Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Kumbuka jina la Shankland, nitalihitaji tena.

Sasa kubadili na kubadilisha. Mzizi ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa badala na mbadala, na maneno yote mawili ni halali. Mimi hupenda kuyatenga hivi: kubadili nalitumia pale kitu kinapobaki kilekile huku hali yake ikiwa nyingine, kwa mfano mtu anapobadili nia, sauti au rangi ya gari; kubadilisha nalitumia pale kimoja kinapoondoka na kingine kushika nafasi yake, kama tunavyobadilisha fedha au tairi. Mstari huo ni wa chaki, wala si ukuta. Mtu akiniambia amebadili tairi simkatizi, hasa ikiwa tairi lenyewe ni langu. Ila kwa kuwa umetoa injini ya Peugeot ukaingiza ya Toyota, nakushauri useme umebadilisha injini, na kama ungetaka jibu fupi tungeagana hapa.

Lakini umeniletea barua ile, na siwezi kuirudisha bila kuigusa.

"Limefanyiwa zoezi la mabadiliko ya injini." Tuanze na zoezi. Neno hili limetokana na kuzoea. Zoezi ni jambo unalolirudia mpaka likukae mwilini, kama zoezi la hesabu au zoezi la viungo. Siku hizi kuna zoezi la kuhesabu kura, zoezi la kugawa madawati, zoezi la kuzika, na sasa zoezi la kuondoa injini. Je, injini ilikuwa inazoezwa kutoka? Ilitolewa Jumatatu, ikarudishwa Jumanne, ikatolewa tena mpaka ikazoea? Fundi yeyote anayeondoa injini kwa mazoezi nitamkwepa, na wewe unisaidie kumkwepa.

Tukija kwenye mabadiliko, hasira yangu inapanda daraja. Tazama nomino hii imezaliwa na kitenzi gani: imezaliwa na kubadilika, wala si kubadilisha. Kiambishi kile cha -ik- kinaonyesha jambo lililomfika mtendwa bila kumtaja mtenda, na ndiyo maana tunasema mabadiliko ya hali ya hewa, au mabadiliko ya sauti ya kijana anapobalehe. Ukiniambia gari lako lina mabadiliko ya injini, mimi naelewa kwamba injini ililala ikiwa ya Peugeot na kuamka ikiwa ya Hiace, kwa kudra. Na hata nikikubali kwamba kuna mkono wa mtu, bado sijui mkono huo ulifanya nini. Pengine silinda zilichongwa zikawekewa pistoni kubwa zaidi. Pengine kabureta ilitolewa ikawekwa nyingine. Hayo yote ni mabadiliko ya injini, na katika yote hayo injini inabaki ileile na nambari yake ileile, ilhali shida yako wewe ofisini ni nambari. Barua imeandikwa kwa maneno mazito, ikapigwa muhuri, ikaacha nje jambo moja tu, nalo ni lile ulilotaka lisemwe.

Na Shankland je? Hakuna mtu Dar es Salaam aliyesema mwaka 1966 kwamba Shankland amefanyiwa, au amefanya, zoezi la upatikanaji wa ushindi. Alishinda. Kitenzi kimoja, mwendo umekwisha, watu wakashangilia.

Ugonjwa wenyewe ni huu wa kuchukua kitenzi kilicho hai, kukikausha kikawa nomino, kisha kwenda kukiazima kitenzi kufanya ili kije kukibeba kwa machela. Hatukagui tena, tunafanya ukaguzi. Hatuzungumzi, tunafanya mazungumzo. Na mvua ya masika, ambayo zamani iliharibu barabara, sasa inafanya uharibifu wa miundombinu. Wakosoaji wangu watasema kwamba kufanya ni neno letu wenyewe, na kwamba tangu enzi na enzi watu wamefanya kazi, wamefanya biashara na wamefanyiana hisani. Nakubali, tena bila kinyongo. Nakubali hata mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, maana ukiwaambia jamaa zake kwamba amepasuliwa, watakimbilia mochwari. Lakini gari halina jamaa wa kushtuka. Sema limeng'olewa injini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba barua hiyo imetoka gereji, mahali ambapo vitenzi vya Kiswahili vinaishi kwa raha kuliko katika ofisi yoyote ninayoijua. Nina desturi ya kukaa kwenye benchi la gereji moja iliyo karibu na nyumbani, kwa kisingizio cha kusubiri gari langu, na ukweli ni kwamba nakwenda kusikiliza. Siku moja walikuwa na sedani iliyogongwa ubavuni. Fundi wa bodi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliizunguka mara moja tu akatoa hukumu: "Mlango umebonyea, huu nitaubonyoa. Madigadi imejikunja, nitaikunjua. Hapa chini pameoza, napakata, nachomelea bati jipya."

Mlisikia? Kubonyea ni la bati lililoingia ndani, na kubonyoa, alivyolitumia yeye, ni kulirudisha nje kwa kulisukuma kutoka nyuma. Sikujali kama kamusi inamuunga mkono, kwa sababu sikio liliridhika. Kukunja na kukunjua ni mtu na kivuli chake: kiambishi cha -u- kinaigeuza kazi kinyumenyume, kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kubandika na kubandua, kupachika na kupachua. Lugha yetu imempa fundi kitenzi cha kuharibu na kitenzi cha kuuondoa uharibifu ule ule, vikitofautiana kwa silabi moja, na mwenye madigadi iliyokunjwa anajua bila kuelezwa kwamba hainunuliwi nyingine, bali hiyo hiyo itanyooshwa. Halafu kuna kuchomelea. Choma, chomea, chomelea: kitenzi kimerefushwa mpaka kikatosha kubeba moto, bati jipya na bati la zamani linaloungwa nalo. Kulehemu tulilipata kwa Waarabu, nalo ni zuri, lakini la fundi wangu lina cheche.

Alipoanza kazi sikuona mahali hata pamoja pa kumlazimisha aseme "ukarabati". Alikwangua rangi, akakata palipooza, akachomelea, akagongagonga kwa nyundo ndogo huku mkono wa pili ukiwa umeshika chuma kwa nyuma, akapiga puti nyembamba, yaani ule ujazo wa kusawazishia bati, akapiga msasa mpaka kidole hakikuona mwanzo wala mwisho wa jeraha, ndipo akapulizia rangi. Kila kitenzi ni hatua, na kila hatua ina bei yake. Kisha mwenye gari akaenda dirishani kuchukua risiti, na kijana wa mle ndani, ambaye hakuwahi kushika nyundo, akaandika: "Ukarabati wa bodi."

Neno kukarabati lenyewe sina ugomvi nalo. Gari hukarabatiwa, na jumba hukarabatiwa, na kazi yako yote ya miaka miwili unaweza kuiita kulikarabati gari, au kulifufua kama unapenda, maana kwa maelezo yako lilikuwa limekufa. Ugomvi wangu ni pale linapotumika kufunika. Wanunuzi wa magari ya kale hutembea na sumaku mfukoni, kwa sababu sumaku hunasa kwenye bati, lakini palipojazwa puti nene juu ya kutu haishiki, hudondoka chini. Ukipitisha sumaku juu ya maneno "limefanyiwa ukarabati wa bodi" itadondoka tangu herufi ya kwanza. Je, palipooza palikatwa au palijazwa? Bati lilichomelewa au lilibandikwa? Kwa gari lililoishi Tanga, penye hewa ya chumvi, tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni tofauti ya milioni kadhaa.

Nimeahidi kubaki kwenye injini, kwa hiyo nirudi. Mafundi wana msemo nisiochoka kuupenda: kushusha injini. Ukienda kutazama, injini haishuki. Inafungwa mnyororo, inavutwa juu, inaning'inia kwenye winchi ikidondosha oili, na watu wote wanapaza sauti "shusha taratibu!" ikiwa bado inapaa. Siku ya kuirudisha inateremshwa polepole ndani ya mdomo wa gari, na hapo wanasema wanaipandisha. Wenye mantiki watalalamika. Mimi naona wako sahihi, kwa sababu fundi hapimi kwa macho, anapima kwa gari: injini ikiwa mahali pake iko kitini, ikitolewa imeshushwa kama abiria. Na msisahau kwamba rekebisha, neno tunalolitumia kila saa, chimbuko lake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanda na kupandisha kitu juu ya kingine. Mafundi wetu wamefika kwenye wazo hilohilo kwa kutumia mnyororo.

Kuna jambo umelitaja mwishoni mwa barua yako kana kwamba ni dogo. Unasema giaboksi na difu, kile kifaa kinachogawia magurudumu ya nyuma nguvu, navyo ni vya Hiace. Si dogo hata kidogo. Kwenye 404 shafti inayopeleka nguvu nyuma imefungiwa ndani ya bomba la chuma lililounganishwa na giaboksi kwa mbele na difu kwa nyuma, kwa hiyo injini ya ukoo mwingine ikiingia na giaboksi yake, bomba lile linakosa mwenzake, na difu inafuata mlango huohuo. Zaidi ya hapo, injini ya asili ilikaa ikiwa imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na mikono ya kuishikilia ilitengenezwa kwa mkao huo. Bila shaka fundi wako ameikata akachomelea mingine. Yote hayo gereji imeyaita "mabadiliko". Mtu aliyemwaga jasho kiasi hicho alistahili vitenzi vyake.

Irudishe barua, umwombe kijana wa dirishani aandike hivi: "Gari hili, Peugeot 404 la mwaka 1967, limeng'olewa injini, giaboksi na difu yake ya asili, likawekewa vya Toyota Hiace, nambari ya injini mpya ni hii ifuatayo." Kuhusu bodi, aseme palipooza pamekatwa na kuchomelewa bati jipya, ikiwa kweli ndivyo ilivyokuwa, na kabla hajasaini wewe pitisha sumaku.

Akikujibu kwamba nafasi kwenye fomu ni finyu, mwambie sentensi yake ya mwanzo, hata kabla ya kufika kwenye bodi, ilikuwa na maneno manane. "Injini imebadilishwa" ni maneno mawili.