Maswali ya Wasomaji: Fleti, Mita na Simu Janja

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa jumuiya ya wamiliki wa jengo lenye fleti 24 hapa Upanga, Dar es Salaam. Kampuni moja imetuletea pendekezo la geti linalofunguka kwa alama za vidole, kamera 16, na programu ya simu ya kulipia michango. Baadhi ya wajumbe wa kamati wameshavutiwa. Mweka hazina, kwa upande wake, anasema tushughulikie kwanza maji, kwa sababu pampu husimama kila LUKU ya jengo, yaani umeme wa kulipia kabla, inapoisha usiku. Pia tuna wazee kadhaa ambao hawatumii simu janja. Tuanzie wapi?
*Katibu, Upanga*

JIBU: Ndugu Katibu, msikilizeni mweka hazina wenu. Katika majengo kama lenu ugomvi mwingi huanzia kwenye gharama za pamoja, yaani nani amelipa, nani anadaiwa, na kwa nini bili ya maji imepanda katika mwezi ambao fleti tatu zilikuwa tupu. Geti la kisasa halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Hatua ya kwanza ni kuziondoa fedha za jumuiya kwenye simu ya mtu binafsi. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaitambua jumuiya ya wamiliki, kwa hiyo fungueni akaunti ya benki na Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya simu) kwa jina la jumuiya yenyewe, na kila malipo yaandikwe kwa namba ya fleti. Hilo la namba ya fleti lisichukuliwe kijuujuu. Majirani zetu wa Kenya wanaotumia Paybill huulizwa namba ya akaunti kabla ya kulipa, wakaandika namba ya nyumba, na fedha zikaingia zikiwa tayari na anwani yake. Kwa Lipa Namba ya kawaida mnaweza kuona jina la mlipaji pekee, na iwapo kijana aliyeko Mwanza amemlipia mama yake anayekaa ghorofa ya tatu, mweka hazina atabaki akikisia. Ulizeni benki yenu kama inaweza kutoa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa kila fleti.

Baada ya hapo, lahajedwali ya kawaida, yaani jedwali la hesabu la kompyuta, ambayo kila mmiliki anaweza kuisoma bila kuibadilisha, inatosha kabisa kwa fleti 24. Nakala iliyochapishwa na kubandikwa karibu na lifti kila mwisho wa mwezi itawafaa wazee wenu, na naamini itasomwa na wengi zaidi ya wazee. Programu ya kulipia kila mwezi ingekuwa na maana kwa mtaa mzima wenye mamia ya nyumba. Kwenu ninyi itakuwa gharama nyingine ya kugombania.

Kuhusu maji, fungeni mita ndogo kwenye bomba linaloingia kila fleti, hata ikiwa ni ya kawaida inayosomwa kwa macho. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, sawa na lita 1,000. Tuseme mita kuu ya DAWASA imeonyesha uniti 310 kwa mwezi, na jumla ya mita ndogo ni uniti 262: hizo 48 zilizobaki zimetumika kwenye usafi na bustani, au zimepotea kati ya tanki la chini na bomba za ndani. Mwombeni mlinzi asome mita zote saa sita usiku na tena saa kumi alfajiri. Fleti ambayo mita yake imesonga sana wakati wenyewe wamelala huwa, mara nyingi, ina tanki la choo linalovuja kimyakimya, na mwenye fleti hiyo atalitengeneza haraka pindi atakapoanza kulipia maji yake mwenyewe badala ya kugawana hasara na wenzake 23.

Pampu iwekewe swichi ya boya ndani ya simtanki la juu, ili izime tanki likijaa na iwake maji yanaposhuka. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, na fundi hukifunga kwa siku moja. LUKU ya lifti, pampu na taa za ngazi iwe na mita yake, tofauti na ya chumba cha mlinzi, na watu wawili wawe na jukumu la kununua umeme kabla uniti hazijafika kiwango mtakachokubaliana. Risiti ya kila ununuzi iingizwe kwenye lahajedwali ile ile.

Jambo moja la kuangalia mkinunua mita ndogo za umeme: mita za malipo ya kabla zinazopokea tokeni za tarakimu 20 zilitakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa sababu hesabu ya muda iliyomo ndani yake, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa inafika mwisho wake. Mita za TANESCO zilishughulikiwa na shirika lenyewe. Mita ndogo za watu binafsi ni juu ya mwenye jengo na muuzaji wake, kwa hiyo msikubali kuuziwa iliyokaa stoo miaka kadhaa bila kuijaribu kwa tokeni mpya mbele yenu.

SWALI: Ninapanga fleti Kilimani, Nairobi. Wasimamizi wametuagiza sote, pamoja na watoto na wasaidizi wa nyumbani, tusajili alama za vidole ili tuweze kupita getini. Je, ninaweza kukataa?
*Mpangaji, Nairobi*

JIBU: Unayo haki ya kuuliza kabla ya kuweka kidole. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti, na anayezikusanya analazimika kukueleza anazitumia kwa kazi gani, nani atazifikia, na atazihifadhi hadi lini. Waandikie wasimamizi barua, uombe kadi badala ya kidole, hasa kwa watoto. Kadi ikipotea hufutwa na kutolewa nyingine, jambo lisilowezekana kwa kidole. Wakipuuza barua yako, lalamiko hupelekwa kwenye Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wasomaji wa Tanzania nao wanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Nikiwa kwenye mada hiyo, daftari la wageni linaloachwa wazi mezani pa mlinzi, lenye namba za simu na za vitambulisho vya kila aliyeingia tangu Januari, linanitia wasiwasi kuliko kamera. Msimbo wa kutumika mara moja, ambao mwenyeji humtumia mgeni wake kwa ujumbe mfupi, hufanya kazi ile ile bila kumwanika mtu.

SWALI: Nina fleti Dar es Salaam, nami nafanya kazi Maskati. Kamati imepandisha michango kwa kura iliyopigwa kwenye kundi la WhatsApp. Je, kura hiyo ni halali?
*Mmiliki, Oman*

JIBU: Soma kwanza katiba ya jumuiya yenu, kwani kama inataka mkutano wenye akidi, kura ya kundini ni maoni tu. Kundi la WhatsApp huhesabu namba za simu, wakati jumuiya inapaswa kuhesabu fleti: mume na mke hupiga kura mbili kwa fleti moja, na mpangaji aliyeingizwa ili apate taarifa za maji naye hubonyeza kitufe. Pendekezeni kifungu kinachoruhusu wamiliki walio mbali kuhudhuria kwa video, na kupiga kura kwa barua ya uwakilishi iliyotiwa saini na kumfikia katibu kabla ya mkutano. Omba pia usiitishwe Jumapili asubuhi, ambayo kwenu Oman ni siku ya kazi; Jumamosi jioni itawafaa wa pande zote mbili.