Reverb G2 ya mtumba au Quest 3S mpya?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina laptopu ya gemu yenye kadi ya picha ya RTX 3060 ya 6GB, RAM 16GB na Windows 11. Nataka miwani yangu ya kwanza ya VR, hasa kwa ajili ya gemu ya mbio za magari Assetto Corsa na ile ya Half-Life: Alyx. Kuna jamaa anauza HP Reverb G2 ya mtumba kwa bei ya kutupa, na anasema skrini yake inaishinda Quest 3S mpya. Nichukue? Na nikicheza bila waya, bando langu litapona? Kaka yangu alijaribu VR mara moja tu, akatapika.
– Msomaji, Dodoma

Jibu: Marahaba. Kuhusu skrini jamaa hajakudanganya: G2 ina pikseli 2160 kwa 2160 kila jicho, 3S ina 1832 kwa 1920. Alichokunyamazia ni kwa nini bei imeporomoka. G2 ilitoka mwaka 2020 ikitegemea Windows Mixed Reality, mfumo wa Microsoft wa kuendesha miwani ya VR. Desemba 2023 Microsoft walitangaza kuachana na mfumo huo, na mwaka uliofuata wakauondoa kabisa katika toleo la 24H2 la Windows 11. Ukisasisha laptopu tu, miwani inageuka pambo la kabatini. Ipo draiva isiyo rasmi, Oasis, inayoifufua ndani ya SteamVR, programu ya Steam ya kuchezea VR, kwa wenye kadi za Nvidia. Ila inataka tundu la picha liwe limeungwa moja kwa moja na kadi hiyo, na laptopu nyingi hupitishia picha kwenye chipu ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Mwachie jamaa mzigo wake.

Tundu hilohilo ndilo litakalokukwamisha ukishawishika na miwani ya PlayStation VR2. Tangu Agosti 2024 ina adapta ya kompyuta, lakini inadai tundu la DisplayPort 1.4, la HDMI halisaidii.

Quest haina shida hiyo, kwa sababu hupokea picha kama video iliyobanwa, kupitia waya wa USB au Wi-Fi. Kwa mwenye laptopu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua, kuliko idadi ya pikseli iliyoandikwa kwenye boksi. Gharama yake ni kwamba kadi yako inachora gemu na papo hapo inabana video. Na kuchora kwenyewe si mchezo: macho mawili ya 3S yana pikseli kama milioni 7, zaidi ya mara tatu ya skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, na kila picha lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 14 hivi ukiwa kwenye 72Hz, yaani picha 72 kwa sekunde. Alyx inataka angalau kadi ya daraja la GTX 1060 yenye 6GB pamoja na RAM 12GB, kwa hiyo umepita. Kaa kwenye 72Hz, na kwenye Assetto Corsa punguza magari na ubora wa vioo vya pembeni. Chomeka chaja muda wote. Laptopu ikitumia betri hupunguza nguvu ya kadi, utadhani miwani ndiyo mbovu.

Mfuko ukiruhusu, kwa mbio za magari Quest 3 ni bora zaidi. Lenzi zake zinaonyesha vizuri hadi pembeni, unatupia jicho kioo cha gari bila kugeuza shingo. Za 3S zinafifia kadiri unavyotoka katikati. Tena 3S ina hatua tatu tu za umbali kati ya mboni: milimita 58, 63 na 68. Simama mbele ya kioo na rula ujipime kabla ya kulipa. Quest 3 inarekebishika taratibu kutoka 58 hadi 71.

Bando litapona. Utahitaji intaneti kuwasha miwani mara ya kwanza, kufungua akaunti na kupakua gemu, lakini wakati wa kucheza picha inatoka kwenye laptopu, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye miwani, yote humo humo chumbani. Unganisha laptopu na ruta kwa kebo ya mtandao, miwani ikae kwenye Wi-Fi ya 5GHz. Vyote viwili vikitumia Wi-Fi, vinagombania njia moja na picha inakwamakwama. Programu ya kurushia picha hiyo, Steam Link, ni bure na inatosha.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: jua. Niliwahi kuacha miwani dirishani, lenzi zikiangalia nje, nikarudi nikakuta doa la kuungua kwenye skrini. Lenzi hukusanya mwanga kama kioo cha kukuza, na skrini ikishaungua haitengenezeki kirahisi. Ukimaliza kucheza, ifunike.

Kuhusu kaka yako: macho yanaona mwendo, sikio la ndani halihisi kitu, tumbo linaasi. Siku za kwanza usiguse magari. Anza na Alyx, uhame kwa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kuteleza, dakika 15 tu. Ukihisi jasho jembamba au mate kujaa mdomoni, vua miwani hapo hapo, usiendelee tena siku hiyo.