Blekijeki: kabla hujakaa mezani

Ndugu, umeuliza kama blekijeki, ule mchezo wa karata wa kasino, ni kubahatisha tu au inajifunzika. Inajifunzika. Sheria ni za dakika tano: unashindana na mgawaji wa karata wa kasino peke yake, si na wenzako mezani, na unatafuta kukaribia 21 bila kuipita. Mfalme, malkia na jeki kila moja ni 10. Ree (karata ya A) ni 1 au 11, ikufaavyo.

Wengi hawaoni faida ya kasino inatoka wapi. Wewe unacheza kwanza. Ukipita 21 dau limekwenda, hata kama mgawaji naye atapita baadaye. Kwa hiyo tazama ile karata yake iliyo wazi. Akiwa na 4, 5 au 6, nawe una 12 hadi 16 bila ree, usivute tena. Mwache ahangaike yeye, maana analazimika kuvuta mpaka afike 17. Akionyesha 7 kwenda juu, hapo vuta hadi ufike 17. Ree mbili au nane mbili zitenganishe ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake; kumi mbili usiziguse. Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji ana 21 ya karata mbili, ikatae.

Halafu, tafadhali, soma maandishi ya mezani. Ukigawiwa ree na 10 mwanzoni, meza ya 3 kwa 2 inakulipa 15,000 kwa dau la 10,000. Ya 6 kwa 5 inakulipa 12,000 tu. Hiyo ya pili usikae kabisa. Anza nyumbani na rafiki, pakiti ya karata, na maharage badala ya pesa.