Usitume hiyo pesa Ijumaa: shule kwanza, nyumba baadaye

Dada, usitume hiyo pesa.

Umeandika kwamba mume amepata kazi Industrial Area ya Kampala, mna watoto watatu (darasa la tano, la pili na wa chekechea), mnatoka Mwanza wiki ya pili ya Januari, na dalali wa Kampala amekutumia picha za nyumba ya Kyaliwajjala, nje kidogo ya mji. Anataka kodi ya miezi sita ifikapo Ijumaa, la sivyo anampa mtu mwingine. Kisha umeuliza kuhusu kuvusha fanicha mpakani Mutukula, bei za vyakula, hospitali nzuri ya watoto, na mwisho kabisa, kama watoto watapokewa shule bila shida. Shule umeiweka mwisho! Nimesoma hapo moyo ukaniuma, maana ndivyo tulivyopangiwa na sisi: nyumba, fanicha, kazi, halafu shule "zipo nyingi tu, mtachagua mkifika". Waliolipa gharama ya mpango huo ni watoto.

Sina ugomvi na Kyaliwajjala. Ni mahali pazuri, maduka yapo, soko lipo, watu ni wakarimu. Nina ugomvi na mtu anayekupangishia nyumba ya watoto watatu bila kukuuliza watasoma wapi. Huyo wako amekuuliza? Wa kwetu hakuuliza. Aliuliza tu kama tuna gari na kama pesa iko tayari.

Sisi tulioneshwa nyumba hukohuko Kyaliwajjala siku ya Jumapili, mwezi wa Januari. Ukuta mzuri, vigae sebuleni, mparachichi nyuma, mita ya umeme ya kwetu peke yetu. Dalali akatupakia kwenye gari tukashuka mpaka Nakawa, barabara tupu kabisa, akatuonesha saa yake: "Mnaona? Dakika ishirini mjini." Na kweli zilikuwa dakika ishirini. Alichotuficha, na alikuwa anakijua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku, ni kwamba Kampala ya Januari siyo Kampala mtakayoishi ninyi. Muhula wa tatu huisha mapema Desemba, na wa kwanza hauanzi mpaka Februari. Katikati hapo watu wengi wamekwenda vijijini kwa sikukuu, magari ya shule yamelala, barabara zinapumua. Shule zikifunguliwa, mji unabadilika kwa siku moja. Safari iliyokuwa dakika ishirini inakuwa saa nzima, na mvua ikinyesha usihesabu tena. Ndiyo maana madalali wanapenda sana kuonesha nyumba Januari, na ndiyo maana huyo wako anakusukuma ulipe sasa hivi. Anajua Februari utaona kwa macho yako.

Tulilipa miezi sita. Kisha ndiyo tukaanza kuzunguka shule. Watoto wetu walitoka shule za serikali Tanzania, wamesoma kila kitu kwa Kiswahili. Shule za karibu na nyumba ziliwapa mtihani wa kujiunga, Kiingereza na hesabu, hesabu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkubwa wangu anaijua hesabu kama maji ya kunywa, lakini alikaa mbele ya karatasi ile hajui anaulizwa nini. Shule moja ikataka kumrudisha madarasa mawili. Nyingine ikasema nafasi zimejaa. Shule iliyomsikiliza, iliyomwita mwalimu akae naye na kumsomea maswali polepole, ikakubali kumrudisha darasa moja tu na kumpa masomo ya ziada ya Kiingereza, ilikuwa Kansanga. Kwenye Ggaba Road.

Chukua ramani, dada, uangalie Kyaliwajjala iko wapi na Kansanga iko wapi. Mji huu umekaa juu ya vilima, kati yake mabonde ya mafunjo, na barabara kubwa karibu zote zinashuka kuelekea katikati. Northern Bypass inazunguka kwa kaskazini, kutoka Bweyogerere mpaka Busega, lakini kwa mtu anayekwenda Ggaba Road haisaidii kitu. Inabidi ushuke Kireka, uingie Jinja Road pamoja na malori yanayotoka Mombasa, upite Banda, Nakawa, mzunguko wa Mukwano, upande Kibuli, Kabalagala, ndipo ufike Kansanga. Kila asubuhi. Na kurudi.

Gari la shule lilikuwa linapita kwetu saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa mbali kuliko wote. Hili la gari la shule lisikie vizuri, maana hakuna atakayekueleza. Mtoto anayekaa mbali ndiye wa kwanza kuchukuliwa asubuhi, na jioni ndiye wa mwisho kushushwa. Anapoteza huku na huku. Wenzake wa Kansanga wanaamka saa kumi na mbili, wanakunywa chai, wanatembea. Yeye ameshakaa garini muda mrefu, kichwa kimegonga kioo, shati limekunjamana. Wa kwangu wa pili, alikuwa na miaka sita, tulikuwa tunamvalisha sare akiwa bado amelala. Mama yake anamshika mgongo, mimi namvalisha soksi. Tunamkalisha mezani, kijiko cha uji kiko mkononi, macho yamefumba. Uji unapoa, gari linapiga honi, anabebwa.

Na mvua za Machi zilipoanza ikaja shida ya pili. Nyumba ilikuwa chini ya kilima, mita chache kutoka kwenye bonde. Kwenye picha za Januari barabara ya moramu ni kavu, unaona vumbi jekundu tu, hata inapendeza. Mwezi wa nne ile njia ikawa tope la kuvua viatu. Watoto walitoka nyumbani na kandambili, viatu vya shule kwenye mfuko wa plastiki, nawabeba mmoja mmoja mpaka penye lami, nawaosha miguu kwa chupa ya maji, ndipo wanavaa soksi na viatu. Gizani. Dereva wa gari la shule alishasema wazi kwamba huko chini hashuki. Dalali aliniambia lami inakuja mwaka huohuo. Nilipompigia, siku zote alikuwa kwenye kikao. Alishachukua kodi yake ya mwezi mmoja kama malipo ya udalali, kazi yake imekwisha. Mwenye nyumba naye akasema kilicholipwa kimelipwa.

Mwalimu wa darasa akatuita. Akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto analala kipindi cha kwanza na cha pili kila siku, kwamba hamlaumu, lakini Kiingereza kinafundishwa hasa katika vipindi hivyo. Yaani tulivuka mji mzima kutafuta shule itakayomsaidia lugha, na safari yenyewe ndiyo ikamnyima ile lugha. Mimi ni mtu mzima, nimepita mengi, lakini siku ile nilikaa kwenye teksi (ndivyo wanavyoita daladala huku) kutoka Kabalagala nikashindwa kuongea.

Tulihama kabla ya miezi sita kwisha. Kodi iliyobaki ikapotea. Tukapanga nyumba ndogo kuliko ile, haina vigae, haina mparachichi, jikoni watu wawili hawapishani. Watoto wanatembea kwenda shule. Ndani ya muhula mmoja yule aliyekuwa analala darasani alianza kuniletea hadithi za Kiingereza anisomee mimi.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningekuwa na uwezo ningeibandika Mutukula pale kwenye kizuizi: usitoe hata shilingi ya nyumba kabla shule haijawapokea watoto kwa maandishi, na kabla wewe mwenyewe hujapita njia ya nyumbani hadi shuleni saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa. Siyo Jumapili. Siyo Januari. Siyo kwa gari la dalali. Panda teksi wanayopanda watu, au tembea kwa miguu kama mtoto atatembea.

Najua utasema mume kazi yake ni Industrial Area, lazima mkae karibu na yeye. Hapana. Mume ni mtu mzima. Anaweza kubadilisha teksi mbili, anaweza kupanda boda, anaweza kuchelewa akamweleza bosi. Mtoto wa chekechea hawezi lolote kati ya hayo. Kati ya safari zote za nyumba yenu, ya huyo mdogo ndiyo iwe fupi kuliko zote, na wengine wote mjipange kuanzia hapo. Na tafadhali usije ukafikia kuwapakia watoto watatu kwenye boda moja kwa sababu tu mmechelewa. Utaiona sana huku, asubuhi kila kona. Usiizoee.

Kama kweli mnaitaka Kyaliwajjala, basi shule itafutwe upande huohuo: Namugongo, Naalya, Kireka, Bweyogerere. Shule za binafsi ziko nyingi huko. Lakini ujue kingine ambacho dalali hatakutajia. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, na mahujaji wanafika Namugongo kwa wingi ajabu, wengine kwa miguu kutoka Kenya na kwetu Tanzania. Ni jambo zuri, nimelishuhudia, linatia imani. Ila barabara za huko, Kyaliwajjala ikiwemo, zinafungwa au zinabanwa, na muhula wa pili unakuwa ndiyo kwanza umeanza. Muulize mkuu wa shule watoto wanafikaje siku hizo.

Kuhusu watoto kupokewa: watapokewa, lakini wa darasa la tano ndiye wa kumwangalia sana. Hapa shule ya msingi ni miaka saba, P1 mpaka P7, na mwisho kuna mtihani wa taifa, PLE, kwa Kiingereza. Akiingizwa P5 au P6 lugha haijakaa, anafika P7 akiwa bado anatafsiri kichwani. Akirudishwa darasa moja usilie wala usimwone mtoto kama amefeli. Waulize tu watamsaidiaje, nani atakaa naye, saa ngapi. Shule ikijibu "atazoea tu", ondoka hapo. Nendeni na ripoti zake na cheti cha kuzaliwa, na uulize mapema orodha ya mahitaji ya muhula, maana karo siyo mwisho: kuna karatasi za toilet, mifagio, rimu za karatasi, kila shule na orodha yake. Uliza pia kama P7 wanalazimishwa bweni. Shule nyingi zinafanya hivyo, na mzazi mgeni anashtukia mwishoni.

Sasa fanya hivi. Watoto wabaki Mwanza kwa bibi yao mwezi wa Januari. Hawapotezi kitu, shule za huku hazijafunguliwa. Mume atangulie, akodi chumba cha muda, hata kidogo, karibu na kazi. Wewe njoo na watoto siku chache kabla shule hazijafunguliwa, wafanye mitihani ya kujiunga, mpate barua ya shule. Shule zikifunguliwa, zunguka mitaa inayozunguka shule hiyo kwa miguu yako. Usimtegemee dalali peke yake. Waulize akina mama wa genge, waulize askari wa getini, soma vibao vya "to let", yaani nyumba ya kupanga. Ukipata nyumba, shuka nyuma yake uangalie bonde liko wapi, na uangalie ukuta kama una alama ya maji. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, ujitambulishe. Yeye anajua mwenye nyumba halisi ni nani na nyumba ipi ina kesi. Mkataba uandikwe. Miezi mitatu ya kwanza ni kawaida huku, anayekudai sita kabla hujaiona nyumba anajua kwa nini ana haraka.

Fanicha ziache Mwanza mpaka ujue unakaa upande gani wa mji. Kitanda kinasubiri.

Na huyo dalali mjibu leo, usingoje Ijumaa. Mwambie nyumba ni nzuri ila bado hujapata shule. Kama ni mtu wa haki atakuambia sawa, tutaonana Februari. Akikutukana au akakutumia picha ya "mteja mwingine" ameshika pesa, futa namba. Nyumba za kupanga Kampala haziishi.

Ukishapata majina ya shule mbili tatu unazozifikiria, yaandike hapahapa. Nitakuambia kila moja iko steji gani (kituo cha teksi), na ni mitaa ipi mtoto anaweza kufika kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa.